Magunia ya Makapi

Kitui, 7 Septemba 2024

Kwa Susu, nyanya yangu mpendwa,

Bwana asifiwe. Sisi huku tuko salama. Kijana wetu Muindi ameng'oka jino la mbele na anakusalimia kupitia hilo pengo. Goti lako linasemaje? Na yule mbuzi mwenye kiburi, bado anakula leso za watu kwenye kamba?

Nimekupigia simu tangu wiki juzi. Unashika, unasema "haloo, haloo, ongea basi," halafu unanikatia. Nimeanza kufikiri umepata mume mwingine, tena kijana kuliko mimi. Ndiyo maana nakuandikia kwa mkono, kama zamani nikiwa bwenini. Barua nampa Salim, yule mfanyabiashara wa ndengu ambaye stoo yake iko karibu na ofisi yetu. Huja soko la Matiliku kununua, na amesema atakuachia kwenye kibanda cha Kanini.

Nina habari mbili. Ya kwanza ni njema. Mke mwenzako Kavindu ni mjamzito, na akizaa msichana tumekubaliana ataitwa Nduku kama wewe. Nimemuuliza mama, yuko kulekule Mombasa, akasema jina ni lako kwa sababu wewe ndiye uliyenilea, zamu yake itafika. Tutamleta mtoto abarikiwe nyumbani kama tulivyofanya kwa Muindi: baba anasimama mbele ya kanisa, anaita jina, na wajina anatoka katikati ya watu kuja kumpokea mtoto. Hapo ndipo unapoingia wewe.

Ya pili inaniuma. Pasta Jonah alinipigia. Anasema tangu kanisa jipya lifunguliwe ulikuja kidogo, ukaacha kabisa. Jumapili moja alikuita uombee mvua, nawe ukakaa ukimtazama tu, watu wote wamegeuka. Mzee Kivuva wa kamati anasema umekasirika kwa sababu kanisa la zamani lilibomolewa. Nimemwambia Pasta kwamba Susu wangu hana moyo wa namna hiyo. Lakini niambie mwenyewe, kuna nini?

Mjukuu wako na mume wako,
Kiilu


Matiliku, 15 Septemba 2024

Mume wangu Kiilu,

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya kwanza kwa habari, mara ya pili kwa kuuangalia mwandiko, ambao bado ni mbaya. Mimi niliyejifunza kuandika kisomo cha watu wazima, mama yako akiwa mgongoni, nakushinda. Goti liko, siku hizi linaamka kabla yangu. Yule mbuzi tulimchinja mwezi wa saba, kiburi chake kikaishia kwenye sufuria.

Kavindu mwambie apumzike na ale muthokoi wa mahindi yaliyokobolewa, wenye mbaazi. Asidanganywe na chipsi za mjini. Nimefurahi, Kiilu. Nimefurahi mpaka nimetoka nje nikatembea kidogo.

Sasa hilo lingine nitakuambia wewe peke yako, na likae hapo. Masikio yangu yamezeeka. Simu kwangu ni kelele tu, na hizo meseji kwenye simu yangu ya kubonyeza zina herufi kama chawa. Ukiketi karibu nami jikoni nakusikia vizuri. Hata katika kanisa letu la zamani nilisikia mpaka Jumapili ya mwisho, na masikio yalikuwa haya haya. Lakini hili jipya! Ukuta ni taili mpaka juu, chini ni taili, madirisha ni vioo vikubwa. Kivuva alisema vumbi letu jekundu limechafua kuta vya kutosha, na taili unapitisha kitambaa chenye maji basi. Kweli linang'aa. Lakini Pasta akifungua mdomo, neno la kwanza halijaisha la pili limelipanda mgongoni, na la tatu juu yake, mpaka yote yanakuwa uji. Watu walipolalamika, kamati ikanunua spika kubwa zaidi. Sasa ni uji unaochemka.

Siku ile sikujua nimeitwa. Niliona watu wanageuka kunitazama nikafikiri leso yangu imefunguka. Nikaishika vizuri nikaendelea kukaa. Jioni Kanini akaja kuniuliza kwa nini nimekataa kutuombea mvua. Niliona aibu kusema sikusikia. Nikasingizia goti, na nikaona kwa macho yake kwamba hakuamini.

Kwa hivyo mpeni mtoto jina lingine. Ukisimama pale mbele uite Nduku, na mimi nikukodolee macho mbele ya kijiji kizima, aibu hiyo haitakuwa yangu, itakuwa ya mtoto. Watasema hata wajina wake alimkataa. Afadhali jina langu libaki nami.

Susu yako


Kitui, 29 Septemba 2024

Mke wangu wa kwanza,

Natumaini barua hii inakukuta umeketi kivulini na si juu ya paa ukirekebisha mabati, kwa sababu nimesikia hilo pia. Muthokoi tumepika. Kavindu alikula, akaongeza.

Hilo la kubaki na jina lako sikubali. Nipe nafasi kwanza.

Uliwahi kuniuliza kazi yangu nikakuambia nachora nyumba. Mwaka huu ofisi yetu imepewa kuchora ukumbi wa chuo kimoja, na wenye kazi wanataka mwanafunzi wa nyuma kabisa amsikie mwalimu. Kwa hivyo nimejifunza kukijenga chumba ndani ya kompyuta kabla hakijajengwa kwa mawe, na kukisikiliza. Iko hivi. Mtu akisema, sauti yake inatawanyika kila upande. Inagonga ukuta, sakafu, paa, na kila inapogonga, pale panameza kiasi na kurudisha kiasi. Taili na kioo havimezi kitu. Blanketi linameza sana. Watu wenyewe, na nguo zao, wanameza. Kompyuta inatuma maelfu ya nyuzi za sauti kutoka mdomoni mwa msemaji, inaufuata kila uzi unavyorukaruka ukutani mpaka unyamaze, halafu inaniambia kama pale unapoketi neno litafika zima au litafika uji. Nilicheka sana kwa uji. Mwalimu aliyetufundisha hakupata neno zuri hivyo.

Kwa hivyo si masikio yako peke yake. Masikio ya kijana yanaweza kuchambua mchanganyiko ule, yako yamechoka kuchambua. Tukizipa kuta kitu cha kumeza sauti, neno litakufikia.

Nataka nianze na kanisa la zamani, lile ulilokuwa unasikia ndani yake. Nikilijenga tena kwenye kompyuta likasikika vile lilivyosikika, nitajua unahitaji nini. Lakini mimi nilikuwa mtoto. Nakumbuka tu benchi lililokuwa likinifinya mapaja. Niambie kuta, chini, juu, watu waliketi vipi. Usiache kitu hata kama unakiona cha kijinga.

Kiilu wako


Matiliku, 13 Oktoba 2024

Mume wangu,

Umzima? Mtoto anacheza tumboni? Mimi niko tu. Leo Jumapili wenzangu wamepita barabarani na Biblia zao, nikajificha ndani kama mwizi mpaka wakaisha.

Umeniomba jambo gumu. Nimekaa na kalamu tangu asubuhi na maharagwe yameungua.

Kuta zilikuwa za matofali mabichi, na tuliyafinyanga wenyewe, sisi wanawake wa mwethya. Huyo Muindi wako wa mjini mweleze kwamba mwethya ni kundi la kufanya kazi pamoja, leo shamba la huyu, kesho la yule. Maji tulitoa mtoni, udongo tukaukanyaga kwa miguu tukiimba. Nilikuwa na mama yako tumboni, na wenzangu walinikataza kubeba, nikabeba. Tulipaka ukuta udongo na mavi ya ng'ombe kwa mikono, na kila mwaka kabla ya Krismasi tulipaka upya. Ukuta ulikuwa na alama za vidole vyetu. Mimi nilizijua zangu. Zilikuwa chini ya dirisha la pili, na kila Jumapili niliketi pale nikaziegemea.

Juu ilikuwa mabati. Mvua ikianza mahubiri yanakufa, kwa hivyo babu yako na wenzake walishona magunia ya katani wakayatandika chini ya paa kama dari. Panya wakafurahi. Wakati wa maombi ya kimya ulikuwa unawasikia wakikimbizana. Chini ilikuwa udongo, baadaye simiti yenye nyufa. Wanawake upande huu, wanaume ule, watoto mbele kwenye mkeka. Tulibanana. Kila mama ana mtoto mgongoni ndani ya blanketi, na mwingine amelala kwenye miguu. Harufu ilikuwa ya maziwa na sabuni ya kipande. Siku moja ningependa kuinusa tena, kabla sijaenda.

Na babu yako. Siku ya mavuno yeye ndiye aliyekuwa akiita majina ya waliotoa. Hakushika karatasi. Alisimama mbele akaita nyumba moja moja kwa kichwa, aliyeitwa anasimama, watu wanapiga makofi. Mimi aliniita wa mwisho kila mwaka. Alikuwa anauvuta mwisho wa jina, Ndukuuu, kama mtu anayeita kutoka ng'ambo ya mto, watu wanacheka, na mimi najifanya nimekasirika. Nyumbani aliniita mama nani, kama wanaume wote. Kwa jina langu aliniita mle kanisani tu, siku ya mavuno. Sijui kwa nini nakuandikia haya, hayaingii kwenye kompyuta.

Mvua bado. Mawingu yanakuja, yanatutazama, yanaenda zake kwenu Kitui.

Susu


Kitui, 10 Novemba 2024

Susu mpendwa,

Habari za huko? Huku mawingu yenu hayajafika, mtakuwa mmeyaficha. Barua yako nilimsomea Kavindu. Alilia, halafu akakasirika kwamba nimemliza akiwa katika hali hiyo.

Yote yameingia kwenye kompyuta isipokuwa panya. Nimeimba wimbo mmoja ofisini watu wakiwa wameenda chakula, nikauweka ndani ya kanisa la zamani. Sitakueleza. Nakuja Krismasi na utasikia mwenyewe. Nitapima pia kanisa jipya, kwa hivyo ukisikia lolote juu yangu, ujue ni kazi ya kanisa.

Mjukuu wako,
Kiilu


Matiliku, 5 Januari 2025

Mume wangu,

Heri ya mwaka mpya. Ulifika salama? Kavindu bado, ama amezaa mkanificha?

Umeniachia kazi ya kujibu maswali. Kijiji kizima kinajua kwamba mjukuu wa Nduku alifunga milango ya kanisa baada ya Krismasi akapasua baluni moja baada ya nyingine. Kivuva alikuwa anapita na baiskeli, akafikiri ni bunduki, akaiacha baiskeli kwenye mtaro akakimbia. Nimewaambia ulikuwa unapima sauti inachukua muda gani kufa. Kanini akasema, "Sauti inapimwa kwa baluni, ama huyo kijana amerudi utoto?" Nikamwambia yote mawili.

Kivuva amekukatalia kutundika mapazia mazito ukutani, nimesikia. Alisema watu walichanga ili taili zionekane. Usimchukie. Ameishi miaka yote akiona watu wa kwingine wana makanisa ya kung'aa. Alitaka na sisi tuwe nalo.

Sasa ile sauti uliyoniwekea masikioni. Ulipoanza kuimba ndani yake nilifunga macho nikaliona dirisha la pili. Nikakuambia ndiyo, ndilo, kwa sababu ulikuwa unanitazama kama mtoto aliyeleta ripoti ya shule. Lakini halikuwa lenyewe, Kiilu. Lilikuwa karibu. Lilikuwa na ubaridi kama nyumba ambayo wenyewe wamehama. Nimefikiri wiki nzima nini kimekosekana. Jana nilikuwa napepeta, nimeshika gunia mkononi, ndipo nikajua.

Magunia! Nilikupa kanisa la Jumapili ya kawaida, lakini lile ninalolisikia kichwani ni la siku ya mavuno. Watu walileta ndengu, mbaazi, mahindi, na stoo hatukuwa nayo. Magunia yalipangwa ndani, kando ya kuta zote, moja juu ya jingine mpaka kwenye madirisha, na vijana wakakaa juu. Siku hiyo mtu akisema kule mbele ni kama ameketi kando yako. Miaka yote hii nilifikiri ni babu yako alikuwa na sauti nzuri. Labda yalikuwa magunia. Usimwambie mtu.

Lakini usifurahi bure. Mvua ilinyesha kidogo ikakatika ndengu zikiwa kwenye maua. Mwaka huu hakuna kitu cha kutia kwenye gunia. Nilichokuwa napepeta jana kilikuwa makapi, na ndani yake ndengu za kujaza bakuli. Salim amesema hana sababu ya kuja sokoni tena mpaka msimu mwingine. Hii ndiyo ya mwisho anayonibebea. Ukinyamaza nitajua ni barabara, si wewe.

Susu


Kitui, 26 Januari 2025

Susu mpendwa,

Naandika bila kujua nani atabeba.

Amezaliwa! Ni msichana. Kavindu ni mzima, mtoto ni mzima, na analia mpaka majirani wanauliza kama tumenunua spika za Kivuva. Bado hatujamwita jina mbele ya watu. Hapa ndani tunamwita Susu, kwa sababu amekunja uso kama wewe ukionja chai ya mtu mwingine.

Nimeyaweka magunia kwenye kanisa la zamani ndani ya kompyuta. Ulisema kweli, ubaridi ukaondoka. Halafu nikayaweka kwenye lile jipya, kando ya ukuta wa nyuma na kuta za pembeni, nikazima spika. Susu, neno linatoka zima! Bila magunia, ukipiga kofi moja mle ndani, mtu angesema "Bwana asifiwe" akaitikiwa kabla kofi halijafa. Ukiweka magunia, linakufa mara moja. Na siku ya mavuno hakuna wa kukataza magunia kanisani, hata Kivuva. Nilikimbia kuwaambia wenzangu ofisini, ndipo nikakumbuka mwisho wa barua yako. Nilikaa chini. Sijui nifanye nini.


15 Februari

Barua hii imelala kwenye droo. Naiendeleza, kwa maana jana Salim alipita ofisini kusalimia, hana kazi siku hizi. Akaliona kanisa kwenye kompyuta akauliza ni la nani. Nikamweleza yote. Akasema, "Sisi msikitini kwetu kabla ya mazulia tulikuwa hatumsikii imamu. Lakini hapo unataka ndengu za nini? Ukuta unajua kilicho ndani ya gunia?"

Nikaiuliza kompyuta badala ya ndengu tukiweka makapi, mabua yaliyokatwakatwa, maganda ya mbaazi. Inasema makapi yanameza sauti kushinda ndengu, kwa sababu yana hewa katikati. Na Salim ana magunia ya katani, matupu, yamejaa stoo nzima. "Yamelala bila kazi," akasema, "na mimi pia." Atayaleta Matiliku kwa gari lake, pamoja na barua hii.

Lakini magunia hayatajijaza wala kujipeleka kanisani. Unahitajika mwethya, na mwethya watauliza ni ya nini. Hilo siwezi kuwajibu mimi. Ni lako. Ukiona ni zito sana, yaache, na mtoto tutampa jina nyumbani, jikoni kwako, ambako unasikia. Sitakulaumu hata kidogo. Ibada ya mavuno ni tarehe kumi na sita Machi.

Kiilu wako


Matiliku, 2 Machi 2025

Mume wangu Kiilu,

Mbusu mtoto. Mbusu tena. Mwambie naja kumwona akiwa bado hajui kunikimbia.

Salim alimwaga magunia mbele ya kibanda cha Kanini mchana, watu wote sokoni wakiona. Kwa hivyo hukunipa hata nafasi ya kukataa. Nilikaa nayo siku kadhaa nikisema ni ya kuanikia. Nilikuwa naogopa, mjukuu wangu. Mtu akijulikana kwamba haisikii dunia, watu huanza kuongea mbele yake kana kwamba hayupo. Nimeona walivyomfanyia mama yangu.

Alhamisi tulikuwa shambani kwa Kanini tunang'oa mabua. Tulipoketi kupumzika nikasimama. Nikasema, "Nataka niwaambie kitu, na mnisikie vizuri, kwa sababu mimi ndiye siwasikii ninyi." Nikasema yote. Pasta, mvua, leso, goti. Niliongea nikitazama chini.

Walinyamaza, ama labda hawakunyamaza, singejua. Kanini akaja karibu, akaniwekea mdomo sikioni. "Yaani ni masikio tu? Na sisi tunasema Nduku ametukasirikia! Ulifikiri tutakucheka?"

Nikasema ndiyo.

"Basi acha tukucheke kwanza," akasema, na wakacheka, Kiilu, walicheka mpaka wengine wakalala juu ya mabua, na mimi nikacheka nikajikuta nalia. Halafu Mama Ndululu akafuta macho akasema hata yeye hajasikia mahubiri tangu taili ziwekwe. Anasema amina akiona wengine wamefungua midomo. Na mwingine akasema hivyo hivyo. Kumbe tulikuwa tumejazana mle ndani tukiitikiana uji.

Tukaanza siku hiyo hiyo. Tumejaza makapi, maganda, mabua, majani makavu ya mahindi. Kivuva alikuja akasimama na mikono nyuma. "Sasa siku ya mavuno tutampelekea Mungu makapi?" Kanini hakuinua hata kichwa. "Mwaka aliotupa ndengu tulimpelekea ndengu. Mwaka huu ametupa makapi." Kivuva akasimama hapo kidogo, akaenda. Nikajua ameenda kumwona Pasta. Kumbe alienda kuleta punda na mkokoteni.

Pasta amekubali kuzima spika. Njooni.

Susu


Kitui, 18 Machi 2025

Susu,

Natumaini mnaendelea vizuri na Kavindu na watoto hawakulazi njaa. Nimeandika haraka, naituma kwa dereva wa gari la asubuhi.

Naomba msamaha. Nilirudi Kitui Jumapili jioni na sijala vizuri tangu hapo. Kompyuta ilisema utasikia. Nilipoingia nikaona magunia yamepangwa mpaka kwenye madirisha, nikapiga kofi moja taratibu, likafa palepale. Nikasema sasa. Kisha nikasimama mbele na mtoto, nikaita jina lake, na wewe ukakaa unanitazama. Nilimwona Kivuva akiinamisha kichwa. Nilimwona Kanini akishika mdomo. Ikanibidi nikuite tena kwa kelele, kama mtu wa sokoni, ndipo ukainuka.

Ulimpokea mtoto vizuri, watu walipiga makofi, na hakuna aliyesema neno baya. Lakini nilikuahidi hutakaa vile tena mbele ya watu, na ukakaa. Labda kuna kitu nilikikosea kwenye paa. Nimeanza kuhesabu upya tangu mwanzo.

Mjukuu wako,
Kiilu


Matiliku, 23 Machi 2025

Kiilu,

Habari yako. Sisi tuko wazima wote. Ninaandika nikitoka kanisani, hata leso ya kichwa sijafungua, kwa sababu Kavindu anarudi kesho na nataka akubebee hii. Leo Pasta amehubiri na nimesikia kila kitu. Hakuwa na la maana sana, lakini nimesikia. Magunia bado yako. Kivuva mwenyewe amesema yasiguswe mpaka watu wapate la kuweka mahali pake, na ameanza kuwaambia wageni kwamba ni yeye aliyefikiria.

Sasa nisikilize, na uache hiyo kompyuta. Usihesabu upya. Paa lako halina kosa.

Nilikuwa nimeketi usawa wa dirisha la pili, nimeegemea gunia. Ulisimama. Hukupiga kelele, uliita kwa sauti yako ya kawaida. Na sijui kama uliikumbuka barua yangu ama ilikutoka yenyewe, lakini mwisho wa jina uliuvuta. Kidogo tu, kama mtu aliye ng'ambo ya mto. Lilikuja mpaka nilipoketi likiwa zima, hakuna kilichopungua.

Miaka hii yote watu wananiita Susu, wananiita mama nani, wananiita shosho huko sokoni. Babu yako alipokufa alienda na jina langu, na sikujua kwamba nililikosa mpaka Jumapili ile. Niliona uso wako unavyobadilika. Niliona Kanini ameshika mdomo. Nilikuwa najua kabisa kwamba nakuumiza, na nikakaa hivyo hivyo.

Nilisikia mara ya kwanza, mume wangu. Nilitaka uniite tena.

Mke wako,
Nduku